Naomba ushauri: mpwa wangu amegoma kuendelea na X-Men '97 baada ya sehemu ya 5

Habarini wanajamvi. Mpwa wangu wa miaka 9 tunaangalia naye X-Men '97, katuni ya mashujaa wenye nguvu za ajabu (mutants), kila Jumamosi. Wiki iliyopita tulifika sehemu ya 5, ile ya Genosha, kisiwa cha mutants kinachoshambuliwa, iliyotoka Aprili 2024. Gambit, mmoja wa mashujaa, anadungwa na Sentinel (roboti kubwa linalowinda mutants), anaipitishia nguvu zake zote, inalipuka, naye anakufa. Rogue, mwenzake anayenyonya nguvu za yeyote anayemgusa, anampakata, anasema hamhisi.

Nilijua watu wazima wengi waliilia sehemu hii, mimi pia koo lilinikaba. Ila sikutarajia mtoto aielewe kwa undani vile. Aliniuliza taratibu, "Mjomba, Rogue akimgusa mtu si anamnyonya nguvu? Mbona sasa hapati kitu?" Akajijibu mwenyewe, akajifunika shuka mpaka kichwani.

Nimemwambia ni michoro tu, hakunisikiliza (na kusema kweli lilikuwa jibu baya). Nikamwekea katuni ile ya zamani ya 1992, Gambit akiwa hai anarusha karata zake. Ndiyo kwanza akalia zaidi. Mama yake anasema tuachane nayo kabisa. Mimi naona kuishia pale kwenye maiti ni kumwacha na kidonda kibichi, maana zimebaki sehemu 5 za msimu wa kwanza na wenzake Gambit wanaomboleza humo.

Naomba kwa mliotazama na watoto: tuendelee sasa hivi au nisubiri aombe mwenyewe? Na mlizungumza nao vipi kuhusu kifo cha Gambit bila kuwadanganya?