Tupeane uzoefu: kupanga begi la kamera kwa safari za msituni, Rungwe hadi Udzungwa

Mwanzisha mada, Mbeya mjini
Wakuu, kuanzia Novemba mpaka Mei maswali huwa ni yale yale: lenzi imeota fangasi, kamera imezima katikati ya msitu. Wengi wanailaumu mvua. Mvua unaiona ikija, unajikinga. Kinachoua vifaa ni unyevu uliofungiwa ndani ya begi: jasho la mgongo, kitambaa kibichi, hewa ya moto iliyokutana na kioo cha baridi. Tupeane mbinu zenye vipimo. "Kuwa makini" tumeshaisikia.

Mdau, Tukuyu
Kava la mvua linalokuja na begi hufunika uso na ubavu tu. Upande wa mgongoni uko wazi, na maji ya shingoni hushukia hukohuko, yananywewa na sponji, kisha yanapenya taratibu. Kwa hiyo kinga ya kweli inakaa ndani: mfuko usiopitisha maji wa lita 15 au 20, ule wa kukunja mdomo. Toa hewa, kunja mara tatu ndipo ubane kifungo. Ukikunja mara moja tu, maji yanaingia. Na msitegemee rambo. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019.

Chupa ya maji ikae mfuko wa nje, siku zote. Kizibo kilicholegea kinamwaga maji mengi kuliko mvua ya mchana mzima.

Bebeni na mwavuli. Watu wanacheka, lakini bila mwavuli huwezi kubadilisha lenzi chini ya miti inayodondosha matone saa nzima baada ya mvua kukatika.

Mdau, Kyela
Mnaoshuka kwetu kutoka Mbeya sikilizeni. Mbeya iko mita 1,700 hivi, sisi huku karibu na Ziwa Nyasa hatufiki hata 600. Kamera iliyolala kwenye baridi, au iliyosafiri kwenye gari lenye kiyoyozi, ukiifungua hapa inatoa jasho papo hapo, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Kioo cha mbele utakifuta. Ukungu ulioingia kati ya vioo vya ndani hauna wa kuufuta.

Dawa ni subira. Mfuko ubaki umefungwa, uwekwe kivulini, nusu saa hadi saa nzima, mpaka vifaa vipate joto la hewa ya nje. Usiuanike juani kuharakisha. Betri za lithiamu hazipendi joto kali.

Mgeni, Mafinga
Samahani wakuu, mchele unafaa kunyonya unyevu? Au zile pakiti za ndani ya boksi la viatu?

Mdau, Kyela
Mchele acha upikwe. Unanyonya kidogo mno, na vumbi lake linaingia kwenye tundu za chaja na kwenye pete za lenzi.

Pakiti ya viatu ni gramu moja au mbili za silika. Silika hubeba maji kama theluthi ya uzito wake, sasa piga hesabu: gramu 100 za silika ni kama gramu 30 za maji. Taulo dogo bichi lina zaidi ya hapo. Ukilifungia pamoja na kamera, silika imeshiba kabla hujafika kambini. Silika inafaa kwenye boksi la kulaza kamera usiku, lenye mpira mdomoni, si kwenye begi linalofunguliwa kila dakika kumi. Nunua punje za rangi ya chungwa. Zikigeuka kijani au zikipauka, zikaange kwenye sufuria kavu, moto mdogo, ukikoroga mpaka rangi irudi. Moto ukizidi zinaungua na hazitafaa tena.

Mdau, Iringa
Upande wa Udzungwa ugomvi ni uzito. Ndani ya hifadhi hakuna barabara ya gari, kila kitu ni mgongo wako. Lenzi ya milimita 500 iacheni nyumbani: kwenye miti iliyosongamana haioni kitu, na mwanga ni hafifu. Ya 100–400 inatosha, au 70–200 yenye tundu la mwanga la f/2.8 kama unafuata nyani kwenye giza la miti. Stendi ya mguu mmoja badala ya mitatu. Kwenye utelezi inakuwa fimbo.

Kizito kikae katikati ya begi, kimegusa mgongo. Kikikaa chini kabisa au mbali na mgongo, begi linakuvuta nyuma kwenye mteremko.

Jambo dogo linalosahaulika: dawa ya mbu yenye DEET inayeyusha plastiki na mpira wa kushikia kamera. Jipake, futa viganja, ndipo ushike.

Mdau, Tukuyu
Naunga mkono kuhusu lenzi. Kipunji, aina ya kima aliyetangazwa kwa wanasayansi mwaka 2005, anakaa juu kwenye miti ya Rungwe. Utapiga ukiangalia juu, na matone yanadondokea kioo. Weka kofia ya lenzi (ile ya kukinga matone, si kifuniko) muda wote na vitambaa vinne vikavu kwenye kikopo cha kufunga. Kilicholowa kinakwenda mfuko wa suruali, hakirudi kikoponi.

Mgeni, Mafinga
Na fangasi nitaijuaje mapema?

Mdau, Kyela
Toa vifuniko vyote viwili, fungua tundu la mwanga mpaka mwisho, mulika tochi ya simu kwa nyuma kwa mshazari. Vumbi ni vidoa. Fangasi ni nyuzi zenye matawi kama utando wa buibui, mara nyingi huanzia ukingoni mwa kioo. Ukiziona, lenzi hiyo usiichanganye na nyingine mpaka fundi aifungue.