Bango la tarehe 30 Julai: ile minyororo itolewe

Ndugu wanajumuiya, salaam.

Nimeliona bango alilotutumia kaka katibu kwa ajili ya Siku ya Dunia ya Kupinga Usafirishaji Haramu wa Binadamu. Najua amekesha nalo, na ninamshukuru. Ila naomba ile mikono iliyofungwa minyororo itolewe kabla hatujachapisha.

Kuna binti niliyekaa naye meza moja kwenye sherehe zetu, si mara moja, mara tatu. Amevaa vizuri, simu anayo, amempakata mtoto wa mwenyeji wake. Kila nikimuuliza jambo, anayejibu ni mwenyeji: "Huyu mpole, haongei sana." Nikaridhika. Alipokwisha kutoka kwenye ile nyumba ndipo nilipojua kwamba pasipoti yake ilifungiwa kabatini tangu siku aliyofika, kwamba mshahara alikuwa "anawekewa", na kwamba deni la tiketi lilizidi kila mwezi wakati yeye anafanya kazi asubuhi hadi usiku wa manane. Mimi ni mkalimani, kusikiliza ndiyo kazi yangu, na bado ilinipita. Bado inaniuma.

Lililonishtua zaidi ni alichoniambia baadaye. Neno utumwa halikumjia akilini hata siku moja. Alijihesabu kuwa mtu mwenye deni, na mwenye deni hulipa. Sasa binti kama huyo akipita mbele ya picha ya minyororo ataona inamhusu mtu mwingine.

Kwa hiyo napendekeza bango liulize maswali. Pasipoti yako unaishika wewe? Deni lako linapungua, na nani anaandika hesabu? Ukisema kesho unaacha kazi, kitatokea nini? Hili la mwisho liwe na maandishi makubwa kuliko yote, maana ndilo linalofichua vitisho, hasa vile vinavyoelekezwa kwa wazazi na wadogo zake waliobaki nyumbani.

Kuhusu ile milioni 50 iliyoandikwa kwenye bango, ya watu walio katika utumwa wa kisasa: ni makadirio ya mwaka 2021 yaliyotolewa na Shirika la Kazi Duniani pamoja na wenzake, na ni sahihi kuyatumia. Lakini tusiseme wote ni wafanyakazi. Karibu milioni 28 wamo katika kazi za kulazimishwa, na milioni 22 wamo katika ndoa za kulazimishwa. Hizo ndoa sisi huwa hatuzitaji kabisa, na tungepaswa.

Dada yenu mkalimani

*

Dada, nimekuelewa. Picha naitoa leo. Ila kuna watakaouliza: mtu amepanda ndege mwenyewe, amesaini mkataba mwenyewe, tunasemaje amesafirishwa?

Katibu

*

Naongezea swali, samahani. Nina wasiwasi na mtu wa jirani hapa nilipo. Nimwendee bosi wake? Au nipige picha ile nyumba niiweke kwenye kundi, watu waone?

*

Kaka katibu, Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, yaani makubaliano ya Umoja wa Mataifa ya kupinga usafirishaji haramu wa binadamu, inatazama mambo matatu: kitendo, kama kumtafuta mtu, kumsafirisha au kumpokea; njia, kama nguvu, ulaghai au kutumia unyonge wake; na lengo la kumnyonya. Njia hizo zikishatumika, ridhaa yake haihesabiki. Akiwa chini ya miaka 18, hata hiyo njia haihitaji kuthibitishwa. Kwa hiyo "alikuja mwenyewe" haimsafishi aliyemdanganya. Na tuseme ukweli hapa kwetu: aliyemleta yule binti hakuwa wakala wa mtaani, alikuwa ndugu wa damu.

Ndugu yangu wa swali la pili, nakuomba sana, usimwendee bosi wala usiweke picha popote. Bosi akishtuka, usiku huohuo huyo mtu anaweza kuhamishwa, na hutamwona tena. Picha nayo itamfikia bosi kabla haijamfikia anayeweza kusaidia. Ukiona dalili ya hatari ya sasa hivi, kama kipigo au mtu kufungiwa ndani, piga simu polisi mara moja. Akiwa mtoto, toa taarifa, usisubiri akubali. Kama ni mtu mzima na hakuna hatari ya papo kwa papo, tafuta nafasi ya kuongea naye peke yake, tena ana kwa ana, kwa sababu simu yake huenda inasomwa. Muulize anataka nini. Usimwahidi viza, usimwahidi pesa.

Wengi hunyamaza kwa kuogopa kurudishwa. Kabla hajaamua lolote, mkutanishe na shirika linalohudumia manusura au mwanasheria wa uhamiaji, maana sheria za nchi hazifanani. Nchi zilizoridhia Mkataba wa Baraza la Ulaya wa mwaka 2005 wa kupinga usafirishaji huu, kwa mfano, zinatakiwa kumpa angalau siku 30 za kupumzika na kutafakari, na ndani ya muda huo asifukuzwe. Pasipoti iliyozuiliwa isiwe sababu ya kubaki: ubalozi unaweza kumpa hati ya dharura ya kusafiria. Na akihitaji mkalimani, asiwe mtu wa nyumba ile, hata akijitolea bure.

Tukirudi kwenye bango, kaka, tusilibandike ukumbini tu. Ukumbini mwenyeji yupo naye. Libandikwe ndani ya milango ya vyoo, vya wanawake na vya wanaume, kwa lugha yetu, na namba ya msaada ichapishwe pia kwenye vijikaratasi vidogo vya kuchukua, vinavyoweza kufichwa ndani ya kiatu.

Dada yenu mkalimani