Siku tatu Mji Mkongwe na mama mwenye goti bovu: tupite wapi?

Mwalimu wa Moro

Habari za jioni ndugu zangu. Shule zikifunga mwezi wa sita nampeleka mama yangu Unguja siku tatu: yeye, mimi na mwanangu wa miaka tisa. Mama ana miaka 67 na goti la kulia linamsumbua, lakini hajawahi kuvuka bahari na amesema safari hii haahirishi tena. Anataka mambo matatu: kusali Minara Miwili, lile kanisa la Wakatoliki, kununua kanga kwa mkono wake mwenyewe, na kupaona palipouzwa watumwa, maana bibi yake alikuwa akimsimulia habari za misafara. Tumepata chumba Shangani.

Mimi nilifika mara moja, mwaka 2014, nikarudi na donge moyoni. Bandarini kijana alilidaka begi langu, "nikusaidie dada", akanizungusha vichochoroni karibu nusu saa, kumbe nyumba ya wageni ilikuwa nyuma tu ya bandari. Akadai elfu thelathini. Sitaki mama apitishwe huko. Tunaweza kutembea wenyewe tusipotee? Na chakula cha Forodhani, ile bustani ya pwani, kinamfaa mtoto?

Mvuvi wa Kigamboni

Mimi nitasema la boti tu. Mwezi wa sita ni kusi, bahari inachafuka. Pandeni ya asubuhi, mkae chini, katikati, msikae mbele. Ni kama masaa mawili. Mama ale kitu kikavu kabla, na kama ana dawa ya kichefuchefu aimeze kabla boti haijang'oa nanga, si akishaanza kutapika. Mchukue vitambulisho, na cha mtoto pia. Tiketi nunua dirishani, usimpe hela mtu wa nje ya geti hata akikuita kwa jina.

Bibi wa Kiponda

Mwanangu, karibuni sana. Mie nimezaliwa Kiponda, humu humu Mji Mkongwe, na wanangu nimewalea humo humo, kwa hiyo nisikilize.

Hao wa bandarini sisi tunawaita papasi. Papasi humganda aliyesimama akishangaa. Basi msisimame. Wapigieni simu wenyeji wenu kabla hamjapanda boti, waje wawapokee, au mkubaliane bei na mtu wa teksi kabla begi halijaingia garini. Shangani gari inafika karibu kwa upande wa pwani, vichochoro ndivyo visivyopitika ila kwa vespa na baiskeli. Ukisikia kengele nyuma yako, egemea ukutani na mshike mtoto mkono.

Kupotea mtapotea, na si neno. Mji wetu umekaa kwenye rasi. Magharibi bahari, mashariki barabara ya Darajani, ambayo zamani ilikuwa mkono wa bahari, ukaja ukafukiwa. Ndiyo maana upande wa pili mpaka leo tunauita Ng'ambo. Shika njia moja uende nayo, dakika ishirini hazitimii utatokea pwani au kwenye barabara hiyo. Wa kumuuliza njia ni yule aliyekaa, si anayekufuata. Muulize mwenye duka, mama anayekaanga bajia, wazee wa barazani. Na umuamkie kwanza. Mgeni anayeanza na "Forodhani wapi?" ataoneshwa kwa kidole, lakini aliyeanza na shikamoo ataitiwa mtoto amfikishe.

Nyakati zenu za kutoka ziwe mbili. Tokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mitaa bado baridi, wanawake wanafagia vizingiti, mkate wa ufuta unanukia. Saa tano rudini ndani. Adhuhuri maduka mengi yanafungwa, na jua linalopiga kwenye kuta zile nyeupe si la mtu mwenye goti. Alasiri, saa kumi, tokeni tena.

Goti lisikutie hofu. Nyumba nyingi zina baraza, benchi la mawe lililojengwa pamoja na ukuta. Mama akichoka akae. Pakiwa na mtu atoe salamu, atasogezewa nafasi, na huenda akaletewa na maji.

Mtoto mpe kazi ya milango. Nguzo ile ya katikati, inayofunika pale mbao mbili zinapokutana, inaitwa mfaa. Mwambie atafute wenye mnyororo uliochongwa ukingoni, wenye samaki, wenye mtende. Ikiwa kichwa cha mlango kimepinda kama upinde, mkono wa mafundi wa Kihindi huo. Mlango wa kwetu una misumari ya shaba. Iliyo juu imeingia weusi, lakini mistari miwili ya chini, kimo cha mtoto, inang'aa kama pete, kwa sababu ndipo tulipokuwa tukiegemea sote, mie na kaka zangu na baadaye wanangu, tukingoja kufunguliwa.

Minara Miwili mtaiona kutoka mbali, ila mkiikaribia inajificha nyuma ya maghorofa. Msiifuate kwa macho, ulizeni njia. Kanga ni Mchangani, karibu na soko la Darajani. Mama afungue doti yote, asome jina kabla hajalipa. Jina baya halivaliki nyumbani hata rangi ikiwa nzuri.

Mwalimu wa Moro

Bibi, shikamoo, na ahsante sana. Nimemsomea mama, ameniambia nirudie pale pa misumari. Na Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa, je? Goti litakubali? Na tuvae nini?

Bibi wa Kiponda

Marahaba mwanangu. Vaeni mtakavyo ila mabega na magoti yafunikwe, mtapita milango ya misikiti na ya watu.

Mkunazini kuna ngazi za kushuka kwenye vyumba vinavyosemwa walifungiwa watumwa, na dari ni la chini mno, mtu mzima hasimami wima. Mama akishindwa, asione haya, akae nje penye sanamu za watu shimoni, shingoni wana mnyororo. Soko lilifungwa 1873, na kanisa likajengwa papo hapo. Msiende huko mwisho wa siku mkiwa na haraka. Mie nikitoka pale sipendi kusemeshwa, huenda Minara Miwili nikae kimya ingawa si dini yangu.

Kijana wa Malindi

Bibi, kwa heshima yako, hapo nitatofautiana nawe kidogo. Mitaani waende wenyewe, lakini Mkunazini wachukue mtembezaji wa pale ndani. Bila maelezo mtoto ataona chumba chenye giza tu. Msalaba wa mti ulioko kanisani, unaosemwa umetoka kwenye mti ule wa kijiji cha Chitambo, kule Zambia, alipofia Livingstone, utapitwa hivi hivi kama hujaoneshwa.

Jumba la Beit el Ajaib liangalieni kutoka Forodhani. Ni la 1883, la Sultani Barghash, na sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Siku ile niliposikia kishindo nilidhani ni bandarini.

Bibi wa Kiponda

Hapo umesema kweli mwanangu, wachukue.

Na Forodhani sijaijibu. Nendeni kabla ya magharibi, mtoto awaone vijana wanavyochupa majini kutoka ukutani, juu chini, mmoja baada ya mwengine. Chakula ulizeni bei kwanza, kila kijiti peke yake. Mishkaki ichomwe mkiwa mmesimama pale. Pweza na kamba waliopangwa tangu alasiri, wakipashwa moto tu ukifika, mtoto asile. Miwa ikamuliwe mbele yenu, na ndimu. Lakini urojo msinunue pale. Kuleni mtaani, saa kumi na moja, kwa mama mwenye foleni ya watoto wa madrasa: viazi, bajia, kachori, mchuzi wa manjano wenye ukali wa embe. Mwambieni pilipili kando.

Mkifika Kiponda semeni hodi kwenye mlango wenye misumari niliyowaambia. Nitakuwepo, dele la kahawa nitaliweka jikoni tangu alasiri.