Fundi kaziba matundu ya AC vyumba visivyotumika, sasa dari linavuja!

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Nimepanga Mbezi Beach. Nyumba ina AC moja kubwa, ubaridi unasambaa vyumba vyote kwa mabomba ya darini. Watoto wako bweni, vyumba viwili vitupu, na LUKU nanunua kama mkate. Akaja fundi, anajiamini kweli: "Bosi, kule unampoozea nani, majini? Tuzibe matundu, uniti zitashuka nusu." Akaziba, akapiga na gundi ya karatasi juu yake, akaondoka na elfu arobaini.

Wiki ya kwanza tundu la sebuleni likaanza kupiga mluzi. Ya pili, upepo hauzimi hata mshumaa. Jumamosi naangalia mpira, tone la maji hili hapa utosini! Nikapanda darini na tochi. Barafu! Koili, yale mabomba membamba yanayopooza hewa, imevaa barafu nene kama friza ya muuza samaki, na chini familia inatokwa jasho. Barafu, Dar, mwezi wa pili!

Fundi mwingine alicheka kwanza (hilo nalo limeniuma). Anasema mashine ilipimwa kwa nyumba nzima, ukiziba matundu haigeuki ndogo. Feni inasukuma, hewa inakosa pa kutokea, inatorokea kwenye viungio vya mabomba. Kumbe nilikuwa napooza popo! Na hewa ikipita kidogo kwenye koili, koili inaganda. Ningeendelea, gesi ingerudi kwenye kompresa, ile pampu ya gesi, ikiwa bado majimaji, ikaiua. Uniti? Hazijashuka hata kidogo.

Eti mbinu yenyewe ni ya nchi za baridi, Marekani na Kanada, wanakopasha nyumba nzima joto kwa tanuru moja. Na huko nako tanuru likikosa hewa linachemka kupita kiasi mpaka linajizima. Yaani tumevalishwa mtumba ambao hata mwenyewe ulimbana!

Nimempigia yule wa kwanza: "Bosi, labda ulizidisha kuziba." Mimi? Aliyepanda ngazi ni nani? Tangu hapo simu hapokei. Baba mwenye nyumba naye anataka nimtengenezee dari, na kodi ya miezi sita ameshakula.

Nyie wenye AC za ukutani mnaozima chumba kimoja kimoja, tulieni, hamnihusu. Nauliza wenye mfumo kama wangu: kuna aliyeziba uniti zikashuka kweli? Na hilo dari, nalipa mimi?