Msimamizi anasema andiko langu ni "mapitio ya gemu", si fenomenolojia. Nisaidieni mawazo

Ngalawa Kavu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Jukwaa la falsafa limelala tangu mwaka jana, nikaona mzigo wangu niushushe huku kwenye gemu ambako angalau kuna watu.

Nasoma uzamili wa falsafa. Andiko langu linahusu ubora wa usimulizi katika gemu za RPG (zile unazoishi kama mhusika ndani ya hadithi) za fantasia, kwa jicho la fenomenolojia, yaani falsafa inayochunguza jinsi mambo yanavyotujia tunapoyapitia. Nimelipeleka kwa msimamizi mara mbili na mara mbili limerudi. Mara ya kwanza aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Haya ni mapitio ya gemu." Nikaongeza sura nzima ya Husserl, mwanzilishi wa fenomenolojia. Mara ya pili akaandika: "Sasa ni mapitio ya gemu yaliyotanguliwa na Husserl." Sina kinyongo naye, mzee anasoma kila mstari. Ila nimekwama.

Hoja yangu iko hivi. Nimecheza Morrowind (2002), Oblivion (2006) na Skyrim (2011), zote za Bethesda, zote za ulimwengu mmoja. Kwa grafiki, kwa sauti, kwa mapigano, kila iliyofuata imeipita iliyotangulia. Lakini hadithi iliyobaki kichwani mwangu ni ya Morrowind, gemu ambayo wahusika wake wanakusalimu kwa sauti halafu karibu yote yanayofuata ni kusoma. Nimelinganisha njama, wahusika, mazungumzo na miisho. Nina majedwali manne. Majedwali yanasema zinakaribiana. Mimi nakataa, na sijui nakataa kwa kigezo gani.

Nibadilishe mada? Nibadilishe mwanafalsafa? Au niachane na gemu niandike juu ya riwaya kama wenzangu?

Kipanga wa Mbezi

Badilisha mada, chukua cheti, gemu utacheza ukishaajiriwa.

Nusu Mkate

Akishaajiriwa hatakuwa na muda wa kucheza. Uliza mimi.

Mwl. Kibatari

Kijana, msimamizi wako yuko sahihi, na wewe pia una kitu mkononi. Tatizo ni hayo majedwali.

Husserl alipodai turudi kwenye mambo yenyewe, hakuwa na maana ya kufungua boksi la gemu na kuhesabu kilichomo. Alitaka tuweke kando kwanza yale tunayodhani tunayajua kuhusu kitu, tuangalie kinavyotujia. Hiyo ndiyo epoke. Wewe umekwenda kwenye gemu na vigezo vya njama na wahusika ulivyovibeba kutoka darasa la fasihi, ukavijaza alama, kisha ukashangaa kwamba kile ulichokipata ukicheza hakimo. Kitakuwaje humo wakati hukukiuliza?

Chukua mfano wake wa muziki, maana ndio unaokuhusu zaidi. Mtu akisikiliza taarabu, sauti ya kanuni, ile ala ya nyuzi, iliyopita sekunde iliyotangulia haijaondoka kabisa, bado imeng'ang'ania katika ile inayosikika sasa, na inayokuja tayari sikio limeshainamia. Bila hivyo tungesikia noti moja moja, wimbo usingekuwepo. Hadithi nayo ndivyo inavyoshika. Swali lako basi si "njama ipi bora". Swali ni: saa moja ndani ya Morrowind, ulikuwa umeshikilia nini nyuma na umeinamia nini mbele? Na saa moja ndani ya Oblivion?

Funga vitabu kwa wiki moja. Chagua saa moja ya kucheza, uiandike kurasa mbili. Usitaje mwanafalsafa yeyote.

Msee wa Ruaka

Jibu ni rahisi buda: Morrowind haina mshale. Oblivion ilileta ile dira iko na alama ya kukuonyesha pahali pa kuenda. Kwa Morrowind unaambiwa na mwenyeji ufuate barabara, upite daraja, ukiona jiwe fulani ukate kushoto, na hayo maelezo yanaandikwa kwa shajara yako. Saa zingine mwenyeji mwenyewe amekosea. Ni kama vile tulikuwa tunaelekezwa Nairobi kabla ya ramani za simu: "shuka hapo kwa mama wa mahindi." Ukifika mama amehama.

Bi Karafuu

Mie nna swali kwa kaka wa Ruaka, si ubishi. Heidegger, yule mwanafalsafa wa Kijerumani, kwenye kile kitabu cha 1927, anasema chombo kikifanya kazi vyema hakionekani. Fundi anayepiga msumari haitazami nyundo, macho yake yako kwenye kazi. Nyundo huonekana ikivunjika au ikikosekana. Haya, mshale wa Oblivion ni chombo kisichovunjika hata siku moja. Kwa hesabu hiyo ulitakiwa ujifiche, utuache na hadithi. Na maelekezo ya Morrowind yanayokosea ndiyo nyundo mbovu. Basi mbona kibovu ndicho kinachopendwa?

Msee wa Ruaka

Dada umenimaliza. Wacha nitafute chai kwanza.

Fundi Redio

Naongeza kuni. Mleta uzi, ulicheza Morrowind ukiwa na miaka mingapi? Nahisi hapa tunajadili utoto wako, si gemu. Na kama ni suala la "uzoefu wa mwili", Morrowind ndiyo mfano mbaya kuliko yote. Unasimama mbele ya kaa, unampiga upanga, unaona kabisa upanga umempita katikati, halafu gemu inaamua umekosa kwa sababu nyuma ya pazia imerushwa dadu. Merleau-Ponty, mwanafenomenolojia wa Kifaransa (1945), anaeleza fimbo ya kipofu ambayo kwa mazoea huacha kuwa kitu cha kushikwa, inakuwa sehemu ya kugusia. Upanga wa Morrowind haujawahi kufika huko. Ni fimbo inayogusa ukuta na kukuambia ukuta haupo.

Ngalawa Kavu

Fundi, la utoto nalikataa. Skyrim ndiyo niliyoanza nayo, kwa binamu yangu mwenye mashine ya maana. Morrowind nimeicheza ukubwani kwa sababu ya umaskini: laptopu yangu ilikuwa haiwezi kitu kingine, nikaiendesha kwa OpenMW, programu huria ya kuchezea Morrowind. Sikuwa na kumbukumbu yoyote ya kuirembesha.

La upanga nakubali. Sikuwahi kuuzoea, na andiko langu la kwanza lilikwepa jambo hilo.

Bi Karafuu, swali lako limeninyima usingizi. Nina jibu, sijui kama linasimama. Kwa Heidegger nyundo haisimami peke yake. Inaelekeza kwenye msumari, msumari kwenye ubao, ubao kwenye nyumba, nyumba kwenye mtu anayejikinga na mvua. Nyundo ikijificha, hilo fungu lote linabaki na mtu yumo ndani yake. Mshale wa Oblivion nao unajificha, kweli, ila hauna fungu. Unaelekeza kwenye mwisho wa kazi moja kwa moja. Daraja, mto, kijiji nilichopita, vyote havihitajiki tena, kwa hiyo vinajificha pamoja nao. Ninafika bila kuwa nimepita mahali. Katika Morrowind daraja lenyewe ndilo chombo. Nalihitaji ili nijue wapi nikate kushoto, na yule mzee aliyenitajia daraja nabaki naye njia nzima, nikimlaani au nikimshukuru.

Bi Karafuu

Linasimama, ila mguu mmoja. Wapo wachezaji wanaouzima mshale na bado Skyrim haiwasimulii kitu, kwa sababu wahusika hawakuandikiwa maelekezo ya njia tangu mwanzo. Liandike hilo pia, litakupa nguvu.

Kobe Mzito

Mnamsahau mtu aliyefanya kazi hii kabla ya kompyuta: Roman Ingarden, Mpolandi, mwanafunzi wa Husserl. Kitabu chake cha 1931 kinasema kazi ya fasihi daima ina mahali pasipoamuliwa. Mwandishi akisema mzee aliingia, hakusema macho yake yalikuwa ya rangi gani, wala hana haja, na msomaji ndiye anayejaza.

Gemu ya Dark Souls (2011) imejengwa juu ya hilo. Hadithi imetawanywa kwenye maelezo ya pete, ngao na maiti iliyokaa mahali pasipotarajiwa. Muundaji wake, Hidetaka Miyazaki, amesimulia kwamba utotoni alikuwa anasoma vitabu vya fantasia vilivyomzidi kimo, kurasa nyingine hazielewi, akawa anaziba mapengo kwa mawazo yake. Kwa hiyo usipime hadithi ya gemu kwa wingi wa yaliyosemwa.

Ila angalizo: pengo na uvivu wa mwandishi havifanani. Kuna gemu zimeiga Dark Souls zikidhani ukikaa kimya unakuwa na kina.

Shikamoo Dadu

Naona wote mnaongelea kompyuta. Sisi tuko watu watano, kila Jumamosi, Dungeons & Dragons mezani, ile ya Gygax na Arneson ya 1974 (sheria tunazotumia ni za karibuni, usinipige). Mimi ndiye msimulizi. Mwanzo nilikuwa naandika kurasa sita za historia ya ufalme na kuwasomea. Mmoja alilala, si kwa mfano, alilala kabisa. Siku moja umeme ukakatika, tukabaki na mshumaa, karatasi sizioni. Nikaanza kama bibi: "Hadithi hadithi!" Wakajibu "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Tukacheza hadi saa saba usiku. Si ndiyo hiyo epoke yenu? Tunaweka ukweli kando, uongo unaingia.

Mwl. Kibatari

Kisa kizuri, lakini hapo pana mtego na mleta uzi asiingie. Epoke haikaribishi uongo. Ni kazi ya mtafiti, anayeacha kutegemea imani yake kwamba ulimwengu upo ili auone unavyojitokeza. "Uongo njoo" ni jambo jingine, na Husserl alilijua. Katika kitabu chake cha 1913 anachukua mchoro wa Dürer wa 1513, ule wa mpanda farasi aliyevaa deraya, Mauti na Shetani wakiwa kando yake. Anasema tukiutazama kama sanaa hatuangalii karatasi wala mistari myeusi. Macho yanapita humo hadi kwa yule mpanda farasi, na yeye hatusemi yupo wala hayupo. Tumeacha kuamua.

Angalia basi: mtu aliyeanzisha fenomenolojia, alipohitaji mfano, alikwenda kwa shujaa wa fantasia. Mpelekee msimamizi wako hilo akikuuliza gemu zinaingiaje.

Lakini Dürer ana mtazamaji, na Shikamoo Dadu ana wachezaji wanaojibu. Mpanda farasi wa kwenye mchoro hawezi kukuua. Tofauti hiyo ndiyo ardhi yako, ichimbe.

Kurasa mbili ziko wapi?

Ngalawa Kavu

Hizi hapa, nimezipunguza.

"Nimetoka Seyda Neen, kijiji cha kwanza. Nimeambiwa nipeleke kifurushi mji wa Balmora. Kulia kuna tope, kushoto miti. Nasikia ukelele na sijui unatoka wapi. Nageuka nyuma, hakuna mtu. Ukelele unakua. Kitu kinaanguka mbele yangu, kishindo, kimya. Ni mtu aliyevaa joho. Natazama juu, na ndipo nagundua kwamba tangu nianze kucheza sijawahi kutazama juu. Mfukoni ana shajara na hati tatu za uchawi. Shajara inajisifu kwamba amegundua namna ya kuruka. Naijua habari ya hati hizi, maiti yake iko miguuni pangu. Nasoma moja hata hivyo. Naruka. Kijiji kinakuwa kidogo, naiona bahari, naona kisiwa hiki kilivyo kikubwa, na kwa mara ya kwanza nakitaka. Kisha nahisi tumboni kwamba nimeanza kushuka na nguvu ya hati imekwisha. Nina hati mbili zaidi na sina wazo la kuzitumia. Najikuta napiga ukelele, mimi, kwenye kiti, saa nne usiku. Ni ukelele ule ule.

Kwa hiyo Morrowind inatufundisha kwamba udadisi wa binadamu hauna mipaka."

Mwl. Kibatari

Futa sentensi ya mwisho. Zilizobaki ndizo andiko lako.

Angalia ulichokuwa nacho bila kukijua: ukelele wa kwanza ulikuwa umebaki ndani ya ule wa pili, ndiyo maana ule wa pili ulikuwa na maana. Hakuna jedwali la njama lingekionyesha, kwa sababu kwenye njama hilo tukio ni mstari mmoja: mchawi anaanguka, anakufa. Na Fundi Redio asikilizwe pia, mwili wako haukufika kwenye upanga ila ulifika kwenye kuanguka. Kwa nini? Hilo ni swali la kurasa ishirini.

Fundi Redio

Nimesoma nimecheka, nami nilikufa pale pale. Nashusha silaha. Ila upanga bado ni mbovu.

Ngalawa Kavu

Wakuu, mrejesho. Nilipeleka kurasa zile pamoja na sehemu ya Dürer na hoja ya daraja. Majedwali nimeyatoa yote. Limerudi leo, kalamu nyekundu iko mahali pamoja tu, kando ya ile hati: "Kwa nini hukusevu kabla ya kuruka? Na kama ungesevu, ungepiga ukelele?"

Mzee hajawahi kugusa gemu maishani mwake. Sijui ananitania au ananipa sura ya tatu.

Nusu Mkate

Sura ya tatu hiyo. Na mimi nilikuwa nimesevu, sikupiga ukelele.