Bi mkubwa, lita 4 na kipimo cha kamera

Kutoka: Columbus, Ohio
Wapendwa, habari za wikiendi. Bi mkubwa yuko kwangu, ana miaka 68, ana presha na anameza kidonge cha kukojoza. Alhamisi anapimwa utumbo mpana kwa kamera. Wamempa dumu lenye unga, alijaze maji lita 4 anywe yote. Amegoma: "Utaniua na maji." Mwenzake wa kanisani kampa kichupa cha zamani cha dawa ya kuharisha, eti funda chache tu kazi imekwisha. Kuna ubaya?

Kutoka: Minneapolis
Kaka, mimi ni nesi. Soma kwenye hicho kichupa: kama ni fosfeti ya sodiamu, kitupe leo leo. Ile iliyokuwa ikiuzwa Marekani bila cheti cha daktari, kampuni yenyewe iliiondoa sokoni Desemba 2008, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilipoonya kuwa inaharibu figo. Fosfeti hujaa kwenye damu, ikishikana na kalisi inaganda ndani ya figo, na mara nyingi figo hazirudi zilivyokuwa. Mzee mwenye presha anayetumia dawa ya kukojoza ndiye hasa aliyeonywa.

Lita 4 zinatisha kwa macho tu. Unga ule umechanganywa na sodiamu na potasiamu kwa vipimo, ili maji yapite tumboni moja kwa moja, mwili usiyavute wala usipoteze chumvi zake. Nusu anywe jioni, nusu alfajiri kwa saa watakazompa. Yawe baridi, atumie mrija.

Kinachonitisha mimi ni maji matupu. Watu wakishaharisha wanagugumia maji ya bomba, sodiamu inashuka, mtu anaanza kuongea ovyo, wengine hupata degedege. Mpe supu ya kuku iliyochujwa, chai ya rangi, juisi ya tufaha. Nyekundu na zambarau hapana, kwenye kamera zinafanana na damu.

Kutoka: Houston
Mbona mimi nilikoroga MiraLAX, ule unga wa kulainisha choo, na kinywaji cha wanamichezo cha Gatorade, nikapona?

Kutoka: Minneapolis
Wewe una miaka 46 na unacheza mpira kila Jumamosi. Huo unga wako wa MiraLAX hauna chumvi ndani, na Gatorade ina sodiamu kidogo. Kwa Bi mkubwa usiujaribu. Kaka, piga simu kliniki kesho, wasomee dawa zake zote, hata ibuprofeni ya magoti.

Kutoka: Columbus, Ohio
Nimepiga. Kidonge cha kukojoza wamesema asimeze mpaka kipimo kiishe, ibuprofeni aache, na Jumanne wanampima damu. Dumu amelikubali kwa shingo upande. Sasa anauliza: maji ya dafu je?

Kutoka: Minneapolis
Dafu lina potasiamu nyingi. Asubiri majibu ya damu. Na umpe shikamoo yangu.