Bosi anataka ukurasa wa "uwajibikaji kwa jamii" kwenye zabuni. Niandike nini?

Karani_wa_Saiti:
Wakuu, naombeni msaada. Mimi ni karani wa saiti kwa mkandarasi wa majengo, mwaka wa 6 sasa. Zabuni tunayoomba inataka ukurasa mmoja kuhusu wajibu wa kampuni kwa jamii. Bosi kanipa picha 12 za siku tulipogawa madawati, akasema, "Pamba hapo, halafu weka kwamba tuna cheti cha ISO 26000." Shida ni kwamba daftari la stoo naliandika mimi. Vibarua wanakatwa hela ya gambuti na kofia ngumu kwenye malipo ya wiki, na anayekata ni mimi, kwa kalamu nyekundu. Sasa hapo nipambe nini?

Nondo16:
Hicho cheti hakipo, mkuu. ISO 26000 ilitoka 2010 ikiwa mwongozo tu wa uwajibikaji kwa jamii, haikuwekwa kwa ajili ya kutolea vyeti. Mkaguzi anayeijua kazi yake akikuta hilo neno, hata kwenye madawati hafiki.

MamaZege:
Mkataba namba 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, unahusu usalama kwenye ujenzi. Unasema vifaa vya kujikinga anatoa mwajiri, bila kumtoza mfanyakazi. Si nchi zote zimeuridhia, sawa, lakini gambuti ni gambuti.
Mimi nimekata vigae na zege miaka 4. Ukikata kavu, vumbi la silika linaingia mapafuni na kovu lake haliponi. Kinga yake ni mpira wa maji unaolowesha msumeno pale unapokata. Kampuni ikiniambia inaipenda jamii, naangalia kwanza kama mashine ina mpira.

Kokoto:
Msimkaange kijana wa watu, ana kazi ya kulinda. Na madawati nayo ni kitu, watoto wanakalia.

Karani_wa_Saiti:
Asanteni. Cheti nimekitoa, bosi kanuna lakini kakubali. Kwenye gambuti nimeandika: "Vifaa vya kinga hutolewa bure." Akasoma, akaniuliza, "Tangu lini?" Nikamwambia tangu Jumatatu ijayo, ukisaini. Karatasi iko mezani kwake, kaiwekea kikombe cha chai juu. Zabuni inafungwa Ijumaa.